Sura ya Nne: Ni Macho Mangapi Yaliyoona?

Tarehe 29 Novemba 2022 watu waliuawa Kishishe, kijiji cha sheferi ya Bwito katika teritwari ya Rutshuru, eneo linalopakana na mji wa Kitshanga. Hilo halina ubishi. Hata waasi wa M23, walioshutumiwa kwa mauaji hayo, walikiri kwamba raia walikufa. Ubishi ulikuwa juu ya idadi. Desemba mosi jeshi la Kongo lilitaja watu 50. Siku nne baadaye serikali, kwa kinywa cha Waziri Julien Paluku, aliyewahi kuwa gavana wa Kivu Kaskazini, ikasema 272. M23 wakasema wanane, tena kwa risasi zilizopotea njia. Desemba 7 Umoja wa Mataifa ukatoa 131: wanaume 102, wanawake 17, watoto 12. Mapema mwaka uliofuata hesabu ya Umoja wa Mataifa, safari hii ikichukua siku nyingi zaidi na vijiji vya jirani, ikafika 171.

Namba tano, tukio moja. Mwanafunzi anayeandika tasnifu yake Goma, Nairobi au Dar es Salaam anazikuta zote kwenye simu kwa dakika chache, na hapo ndipo kazi inapoanza. Wengi hushika ile yenye muhuri mkubwa. Wengine, wakiogopa kuonekana wana upande, huokota iliyo katikati na kuiita hiyo busara. Njia zote mbili ni uvivu. Muhuri hauna macho, na katikati ya namba mbili si mahali ambapo mtu yeyote alisimama akahesabu maiti.

Swali linalofaa ni hili: nani aliona, akiwa wapi, na habari yake ilipita mikononi mwa nani hadi kunifikia? Tuzipitishe namba za Kishishe hapo.

Ile 50 ilitangazwa siku mbili baada ya mauaji, kijiji kikiwa mikononi mwa M23 na wenyeji wengi wakiwa bado wametawanyika. Namba ya mapema hivyo inatujulisha kwamba kuna jambo kubwa. Si ya kuingizwa kwenye jedwali. Ile 272, kwa maelezo ya upande wa serikali wenyewe, ilitoka kwa mashirika ya kiraia na jumuiya ya wenyeji wa eneo hilo. Hao ni watu wenye ndugu kule, wanaopigiwa simu usiku wa manane, na mtafiti anayewadharau anajinyima chanzo kizuri. Ila marehemu mmoja anaweza kutajwa na shangazi, na binamu, na jirani, akahesabiwa mara tatu, na sisi wasomaji hatukuonyeshwa jinsi marudio hayo yalivyochujwa. Isitoshe, aliyeisoma namba hiyo mbele ya kamera alikuwa waziri wa serikali iliyo vitani na hao inaowashtaki.

Wanane wa M23 je? Aliyesema ni mshtakiwa, naye ndiye aliyekuwa akiamua nani aingie Kishishe na nani asiingie. Kama hesabu kamili, kauli yake haina uzito. Lakini usiitupe. Mtu akisema jambo linalomwumiza mwenyewe, sehemu hiyo ya maneno yake ichukue: kwa kutaja wanane alikuwa amekubali kwamba raia walikufa siku ile, katika kijiji kile, wapiganaji wake wakiwepo. Mabishano ya kama tukio lilikuwepo au halikuwepo yakaishia hapo.

Sasa ile 131. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema wazi kwamba hawakufika Kishishe kwa sababu za usalama. Walikaa Rwindi, kilomita 20 hivi kutoka hapo, wakazungumza na wahanga na mashahidi 52 waliokimbilia huko, pamoja na vyanzo vingine. Walisema pia kwamba maiti zilizikwa na walewale wanaoshukiwa kuua, jambo ambalo huenda lilikusudiwa kuficha ushahidi. Na mbele ya namba waliweka neno "angalau". Msomaji mvivu anaona hapo udhaifu: kumbe hawakufika! Mimi naona ndipo penye nguvu. Wametuambia waliposimama, idadi ya macho waliyoyategemea na kitu ambacho hawakuweza kukiona. Kwa hiyo namba yao inaweza kupimwa, na ikapimwa kweli, ikapanda hadi 171 walipopata muda zaidi na kupanua eneo. Namba inayobadilika kwa sababu inayoelezwa ni ya kuaminika kuliko ile isiyobadilika kwa sababu hakuna aliyerudi kuikagua.

Wanazuoni wa hadithi walilijua jambo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwao neno lililonasibishwa na Mtume halikupokewa bila sanadi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Wakaandika vitabu vizima vya wasifu wa wapokezi: nani alikuwa na hifadhi nzuri, nani alianza kuchanganya mambo uzeeni, nani hakuwahi kuishi zama moja na huyo anayedai kumsikia. Mlolongo ukikatika katikati, hadithi ilishuka daraja hata kama maneno yake ni matamu. Na walitenganisha kitu ambacho watafiti wengi wa leo hawakitenganishi: habari iliyokuja kwa njia nyingi tangu mwanzo wake, na habari iliyotoka kwa mtu mmoja kisha ikasambazwa na wengi. Hadithi mashuhuri kuhusu nia ni ya aina hii ya pili. Juu kabisa ina mpokezi mmoja mmoja, chini ina mamia. Waliipokea kuwa sahihi, kwa sababu wale wachache wa juu walikuwa wameshachunguzwa. Hakuna aliyedanganyika kwamba wale mamia wa chini ni mamia ya mashahidi.

Sisi tunadanganyika kila siku, na koltani ndiyo mfano wake. Umeshasoma, bila shaka, kwamba Kongo ina asilimia 80 ya akiba ya koltani ya dunia. Imo magazetini, imo katika hotuba, imo katika ripoti za mashirika yenye nembo za kupendeza, imo katika tasnifu. Fuata tanbihi. Ripoti inaelekeza kwenye makala, makala inaelekeza kwenye ripoti nyingine, na ile nyingine haielekezi popote. Michael Nest, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kiitwacho Coltan, aliifuatilia namba hii na kuonyesha kwamba haina mguu wa kusimamia. Kituo cha kimataifa cha wafanyabiashara na wachakataji wa tantali, metali inayopatikana kwenye koltani, kiliwahi kukadiria kwamba Afrika ya Kati yote ina karibu asilimia 9 ya akiba inayoweza kutarajiwa duniani. Idara ya jiolojia ya Marekani, inayochapisha jedwali la madini kila mwaka, kwa akiba ya tantali ya Kongo haiweki namba kabisa. Inaandika kwamba haipatikani.

Kinachojulikana ni uzalishaji, nao ni jambo jingine kabisa. Katika miaka ya karibuni Kongo imekuwa ikitoa takriban asilimia 40 ya tantali inayochimbwa duniani. Septemba 2024 Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba Rubaya, machimbo ya hapahapa katika teritwari ya Masisi yaliyotwaliwa na M23 mwishoni mwa Aprili mwaka huo, inakadiriwa kutoa zaidi ya asilimia 15 ya uzalishaji wa dunia. Hiyo ni kubwa mno kwa vilima vichache vinavyochimbwa kwa sururu na makoleo. Haihitaji kuongezewa chumvi. Lakini aliyeizoea ile 80 haoni tena tofauti kati ya madini yaliyo ardhini na madini yaliyo kwenye gunia, na hoja yake yote kuhusu vita inajengwa juu ya hilo kosa.

Kuna namba nyingine inayoumiza zaidi kuigusa, nami naigusa kwa makusudi. Januari 2008 shirika la International Rescue Committee lilitangaza kwamba tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007 vita vya Kongo vilisababisha vifo vya ziada milioni 5.4. Wengi wa hao hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, kwa kuwa zahanati zilifungwa, barabara zilikatika na watu walilala porini. Miaka miwili baadaye watafiti wa Human Security Report, nchini Kanada, waliipinga hesabu hiyo.

Ugomvi wao unafaa kufundishwa katika kila darasa la utafiti. Vifo vya ziada ni vile vilivyotokea, ukitoa vile ambavyo vingetokea hata bila vita. Sehemu ya kwanza inaweza kuulizwa nyumba kwa nyumba, na IRC waliuliza katika kaya maelfu kwa maelfu. Sehemu ya pili haiwezi kuulizwa kwa mtu yeyote, kwa sababu ni nchi ambayo haikuwepo. IRC walichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara: vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Wapinzani wakasema Kongo ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani tangu enzi za Mobutu, kwa hiyo 2.0 ndiyo inafaa. Nusu ya kifo kwa watu elfu moja! Ukiibadilisha hiyo tu, jumla ya tafiti tatu za mwisho inashuka kutoka takriban milioni 2.8 hadi chini ya milioni moja. Wakaongeza kwamba tafiti mbili za kwanza zilifanyika mashariki pekee, na kwamba sehemu ya maeneo yake hayakuchaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo hayawezi kusemea eneo zima.

Sidhani kuna mwongo katika ugomvi huu. Wote walifanya kazi juu ya nchi iliyohesabu watu wake kwa sensa kamili mara ya mwisho mwaka 1984. Kila takwimu ya "idadi ya wakazi" unayoisoma kuhusu Masisi au teritwari jirani ya Walikale ni makadirio yaliyozaliwa na makadirio. Ndiyo maana nina shaka na mtu anayeitaja milioni 5.4, au ile milioni sita iliyokuja baadaye, au milioni kumi inayosikika siku hizi, bila kueleza ni vifo vya aina gani na vya miaka ipi. Mara nyingi anayefanya hivyo ana uchungu wa haki. Tatizo ni kwamba anamkabidhi mkanushaji silaha: akionyeshwa kwamba namba ina shida, mkanushaji atasema na wafu wenyewe hawakuwepo.

Turudi Kitshanga, kwa sababu huko kuna aina ya chanzo ambayo vitabu vya mbinu za utafiti huiheshimu kupita kiasi: karatasi ya zamani.

Mji umekaa katika sheferi ya Bashali, eneo la Mokoto, ukingoni mwa Bwito. Kuanzia mwaka 1937 Wabelgiji waliendesha mpango wa kuhamisha watu kutoka Rwanda kuwaleta Masisi na maeneo ya jirani, kwanza Gishari, baadaye Bashali, Mokoto na Bwito. Hadi ulipokoma mwaka 1955 mpango huo ulikuwa umehamisha watu wapatao 85,000. Mtafiti anayezipata hati hizo katika hifadhi za Brussels anahisi ameokota dhahabu: tarehe, sahihi, orodha za familia. Na kweli ni hati nzuri. Lakini nani aliziandika? Ofisa aliyetakiwa na wakubwa zake kujaza mashamba vibarua na kupunguza msongamano Rwanda. Kwake ardhi iliyoonekana haina jembe iliandikwa kuwa wazi. Wahunde, wenyeji wa eneo hilo, waliokuwa wakiilaza ardhi, wakichungia na kuwindia humo, hawangeiita hivyo. Halafu orodha ya mpango ilihesabu watu wa mpango. Aliyevuka kwa miguu yake kumfuata shemeji hakuandikwa, na wazungumzaji wa Kinyarwanda waliokuwa Rutshuru kabla hata ya bendera ya Ubelgiji hawamo kabisa.

Basi twende kwa wazee? Twende, ila tukijua sheria zilivyowafanya. Katiba ya mwaka 1964 ilitaka mtu awe na babu katika kabila lililokuwemo nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya 1972 ikawapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi wakakaa Kivu kabla ya Januari mosi 1950. Ile ya 1981 ikarudi nyuma hadi Agosti mosi 1885. Ile ya 2004 ikaweka siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Mzee mmoja, katika umri wa mtu mmoja, amekuwa raia, akawa mgeni, akawa raia, bila kuhama nyumba. Ukimwuliza familia yake ilifika lini Mokoto, humwulizi tarehe. Unamwuliza kama shamba ni lake. Jirani yake Mhunde naye, ukimwuliza walikuwepo akina nani alipokuwa mtoto, anajua vilevile unachouliza. Hakuna kati yao anayelazimika kudanganya ili majibu yatofautiane. Inatosha kila mmoja akumbuke zaidi kile kinachomlinda.

Kwa sababu hiyo napenda kuuliza vitu ambavyo havina kesi ndani yake. Nani alikuwa mwalimu wa kwanza wa shule hii? Soko lilikuwa siku gani ya wiki? Mlitumia njia gani kwenda misheni? Majibu ya maswali ya pembeni yakilingana kati ya watu wasiopendana, umepata mahali pa kukanyaga. Na unapotafuta hati, kumbuka kwamba mji huu umeandikwa Kitshanga, Kitchanga na hata Kichanga. Anayetafuta kwa tahajia moja anapoteza hati nyingi bila kujua.

Hata hesabu ya leo asubuhi ina sababu zake. Kitshanga ilibeba kambi za wakimbizi wa ndani kwa miaka mingi, Mungote na Kahe zikijulikana zaidi. Orodha ya kambi huanza chini: kiongozi wa safu ya vibanda anaandika kaya kwenye daftari, daftari linakwenda kwa rais wa kambi, kutoka hapo kwa shirika, kisha Goma, na wiki zikipita inakuwa nukta kwenye ramani mjini Geneva. Inaposemekana kwamba jetoni za chakula zinakuja, kaya hupasuka. Kijana wa miaka 17 anakuwa na kibanda chake, bibi anaandikishwa peke yake. Sioni ulaghai mkubwa hapo: mgao ukitolewa kwa kaya bila kujali idadi ya vinywa, familia ya watu kumi inajigawa ili ile kama wengine. Lakini jetoni ziko za namna mbili. Makundi yenye silaha nayo huuza jetoni, karatasi ya kodi unayoionyesha kwenye kizuizi, na ikihesabiwa hiyo, kaya hukauka ghafla. Vijana wako shamba, mume alishaondoka, nyumba hii ni ya shangazi. Kijiji kilekile, mwezi uleule, kinaweza kutoa namba mbili zisizofanana hata kidogo. Kabla ya kutumia takwimu ya kaya, uliza ilikusanywa kwa ajili ya kutoa au kwa ajili ya kuchukua.

Picha na video nazipita haraka. Kitshanga ilipotwaliwa na M23 tarehe 26 Januari 2023, watu wakimiminika kuelekea Mweso na Sake na wengine wakijibanza kwenye kambi ya MONUSCO, simu zilijaa picha kwa saa chache. Kuna kazi za kawaida hapo: tafuta picha imewahi kuonekana lini, angalia umbo la kilima, paa la kanisa, majani ya msimu, sikiliza lugha inayosemwa nyuma. Vijana wengi wa Goma wanalijua hili kuliko maprofesa wao. Setilaiti nayo husaidia, kama baada ya mapigano ya Februari na Machi 2013 kati ya jeshi na wanamgambo wa APCLS yaliyounguza sehemu kubwa ya mji. Kutoka juu utaona paa lililoungua. Aliyewasha kiberiti hutamwona, na katika mji ambao kila mtaa una kabila lake hilo ndilo swali lililogombaniwa.

Nimebakiza mtu mmoja katika mlolongo, naye ndiye anayesahaulika kuliko wote. Ripoti nyingi kuhusu Masisi na Walikale zina jina la Ulaya au Amerika kwenye jalada. Aliyepanda pikipiki hadi kijijini, akaomba ruhusa kwa kapita, akatafsiri swali kutoka Kifaransa hadi Kiswahili na kutoka Kiswahili hadi Kihunde au Kinyarwanda, kisha akarudisha jibu kwa njia hiyohiyo, ni msaidizi wa utafiti wa hapahapa, na pengine yumo kwenye mstari mmoja wa shukrani. Mwaka 2019 watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walianza kuchapisha mfululizo wa maandiko, Bukavu Series, ambamo wasaidizi hawa walieleza wenyewe kazi hiyo: hatari, malipo, na namna data inavyotengenezwa kweli.

Kwa swali letu la kuaminika, msaidizi huyu ndiye mpokezi wa kwanza. Yeye ndiye anayejua kwamba mahojiano ya siku fulani yalifanyika chefu akiwa amekaa mlangoni. Anajua kwamba mama mmoja alijibu kwa kifupi kwa sababu jina la ukoo la mkalimani lilimtia hofu, kwamba kijiji kimoja kwenye sampuli kiliachwa kwa sababu daraja lilikuwa limevunjika na nafasi yake ikachukuliwa na kingine kilichokuwa karibu na barabara, na kwamba watu wa karibu na barabara wameshahojiwa na mashirika mengi hadi wanajua jibu linalopendwa. Mambo haya hayaandikwi kwenye sura ya mbinu. Si kwa hila. Aliyeandika sura ile hakuwepo, na aliyekuwepo hakuombwa kuandika. Kwa hiyo ukipata ripoti unayotaka kuitegemea, tafuta mstari ule wa shukrani, kisha omba kuzungumza na waliotajwa humo, kama wapo tayari na kama jambo hilo haliwaletei hatari. Waulize walifika wapi, hawakufika wapi, na nani alikuwa chumbani.